Viganja vinavyochuruzika jasho: chanzo chake, na tiba ianzie wapi

Swali: "Nina miaka 22, ni fundi cherehani hapa Mwanza. Tangu nikiwa darasa la sita viganja vyangu vinatoka jasho mpaka linadondoka, na nyayo vilevile, hata ndala zinateleza. Makwapa nayo yanalowa. Kitambaa cha satini kikipita mkononi mwangu kinabaki na madoa, sindano zinashika kutu, na wateja nawasalimia kwa mbali. Mama yangu naye yuko hivi. Wengine wameniambia ni presha, wengine figo. Nilipaka ndimu na magadi kwapani nikaungua. Dawa niliyouziwa duka la dawa iliniwasha, nikaiacha siku ya nne. Je, huu ni ugonjwa? Unatibika? Nasikia India wanapasua, niende? Na kusajili laini ya simu mashine inakataa kusoma vidole vyangu, nifanyeje?"

Jibu: Dada yangu, tuanze na figo na presha, maana hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengi wanunue dawa wasizozihitaji. Figo zikilegea utaona miguu na uso vinavimba, mkojo unabadilika, mwili unachoka. Hazilowanishi viganja tangu utotoni. Presha ya kupanda nayo kwa kawaida haina dalili yoyote, ndiyo maana hupimwa kwa mashine. Kapime kwa sababu ni vizuri kila mtu mzima kuijua presha yake, lakini usitarajie kukuta huko sababu ya mikono yako.

Hali unayoieleza madaktari huiita haipahidrosisi ya msingi, yaani jasho kupita kiasi lisilosababishwa na ugonjwa mwingine. Mwili wa mtu una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, na viganjani na nyayoni ndiko zilikosongamana zaidi. Kila tezi ni kibomba chembamba kilichojikunja ndani ya ngozi, na mdomo wake unafunguka juu kwa kitundu kisichoonekana kwa macho. Tezi haijiamulii. Inasubiri amri kutoka kwa neva za simpathetiki, zile zinazofanya kazi bila kukuuliza, na amri hiyo hubebwa na kemikali iitwayo asetilikolini. Tezi za mgongoni na kifuani husikiliza zaidi joto. Za viganjani na nyayoni husikiliza zaidi hisia: wasiwasi, haraka, hata kule kuwaza tu kwamba mteja ananyoosha mkono. Kwa hiyo mikono yako inaweza kulowa asubuhi ya baridi wakati shingo ni kavu.

Tezi za mtu mwenye hali hii zikitazamwa kwa hadubini zinaonekana za kawaida. Kilichozidi ni amri. Nakuomba ulishike hili, kwa sababu matibabu karibu yote yanapiga mahali pamoja kati ya matatu: yanaziba mdomo wa tezi, yanazuia ujumbe usifike kwenye tezi, au yanakata waya unaoleta ujumbe. Kadiri unavyosogea kutoka mdomoni kuelekea kwenye waya, gharama inapanda na madhara yanakuwa makubwa. Ndiyo maana jibu langu kuhusu India litakuja mwisho kabisa.

Daktari huitambua hali hii kwa kuuliza, mara nyingi bila kipimo chochote cha damu. Jasho jingi la sehemu maalumu liwe limedumu miezi 6 au zaidi bila sababu inayoonekana, kisha yawepo angalau mawili kati ya haya: linatoka pande zote mbili kwa usawa, lilianza kabla ya miaka 25, linakuja angalau mara moja kwa wiki, linaharibu shughuli za kila siku, kuna ndugu wa damu mwenye hali hiyo, na linakata ukilala. Wewe umeshataja matano. La usingizi hukulitaja, basi muulize unayelala naye chumbani akushike mkono usiku wa manane. Akikuta ni mkavu, picha imekamilika. Na mama yako kuwa hivyo kunaeleweka: hali hii hurithiwa katika familia nyingi.

Jasho la aina nyingine ndilo la kuliogopa. Likikuamsha usiku shuka zimelowa, likiambatana na kukohoa wiki mbili au zaidi, homa za jioni au kupungua uzito, nenda ukapime kifua kikuu, na upime VVU siku hiyohiyo. Jasho la mwili mzima lililoanza ukubwani, pamoja na moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukonda huku unakula vizuri au shingo kuvimba mbele, ni la kupima tezi ya thairoidi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge akitokwa jasho la ghafla, akatetemeka na kuchanganyikiwa, sukari imeshuka: apewe maji ya sukari au soda ya kawaida papo hapo ikiwa bado anaweza kumeza, na kama amepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Jasho baridi lenye maumivu ya kifua ni dharura ya moyo. Na kwa kuwa Kanda ya Ziwa inalima pamba, nitaje na hili: mtu aliyetoka kupuliza dawa ya wadudu akianza kutokwa jasho, mate, machozi na kuharisha, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, amelishwa sumu na ile dawa. Avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, apelekwe hospitali bila kusubiri. Ziko pia dawa za hospitali zinazoongeza jasho, zikiwemo baadhi ya dawa za sonona kama fluoxetine na za maumivu kama tramadol. Kama jasho lilianza baada ya kuanza dawa fulani, mwambie aliyekuandikia, usiiache kienyeji.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalofanana na jasho lililoanza darasa la sita, likabaki viganjani, nyayoni na kwapani.

Sasa ndimu na magadi. Ndimu ni asidi kali, na ngozi yenye ndimu ikipigwa jua inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi kwa miezi. Magadi yako upande wa pili kabisa: ni makali kwa namna ya sabuni kali, huondoa mafuta yanayoilinda ngozi. Hakuna kati ya hivyo kinachoziba mdomo wa tezi. Vinaweza kupunguza harufu kwa saa chache kwa sababu vinawakera bakteria, maana jasho lenyewe halinuki. Kinachonuka ni kazi ya bakteria wanaolila, na kikwapa hutoka huko. Katika vya nyumbani, chenye ukweli kidogo ni shabu, lile jiwe la kusafishia maji na kupaka baada ya kunyoa ndevu. Shabu ni chumvi ya alumini, jamaa ya dawa nitakayoieleza, ila ni dhaifu. Kwa kwapa lenye jasho dogo inafaa, kwa mikono inayodondosha haitoshi.

Dawa ya kuanzia ni kloridi ya alumini. Kwa kwapa hutumika ya asilimia 10 hadi 20, kwa viganja na nyayo 20 na kuendelea, kwa sababu ngozi ya huko ni nene. Kwenye chupa utasoma Aluminium Chloride Hexahydrate na asilimia yake. Driclor, kwa mfano, ni ya 20. Roloni nyingi za madukani ni mchanganyiko mwepesi zaidi, na zile zilizoandikwa deodoranti peke yake zinashughulika na harufu tu, hazizuii jasho. Ukiikosa dukani, ulizia kliniki ya ngozi katika hospitali ya rufaa ya kanda, kwenu ni Bugando, wakuelekeze hospitali inayochanganya dawa zake za kupaka. Usinunue unga wake kwenye duka la kemikali ukachanganye nyumbani. Kuna aina isiyo na maji ndani yake, na hiyo ikiguswa na maji hutoa joto na mvuke wa asidi unaounguza macho na kifua.

Nadhani dawa iliyokuwasha ilikuwa hii au ndugu yake, na naamini iliwekwa kwa namna isiyo sahihi, kosa ambalo hata wauzaji wengi hawamwambii mteja. Inavyofanya kazi ni hivi: ikiingia mdomoni mwa kibomba cha jasho hugandamana na protini na kuwa kizibo. Lakini ikikutana na maji juu ya ngozi kabla haijaingia, hutengeneza asidi ya haidrokloriki, na hiyo ndiyo inayowasha na kuunguza. Ukiipaka asubuhi baada ya kuoga, ngozi mbichi na jasho likianza kupanda, unapata asidi yote na kizibo hupati. Usiku ukilala jasho hukata, tezi zinatulia, na dawa inapata saa 6 hadi 8 za kukaa mahali pake.

Kwa hiyo fanya hivi kwa makwapa. Usinyoe saa 48 kabla, wala usipake penye kidonda au upele. Oga mapema jioni. Wakati wa kulala, jikaushe kwa taulo, kisha simama mbele ya feni dakika 5 makwapa yakiwa wazi. Drayer ya saluni inafaa pia, lakini kwa upepo wa baridi, kwani wa moto utaamsha jasho. Paka safu nyembamba, mipako miwili mitatu tu, pale penye nywele. Acha ikauke kabla ya kuvaa, na uvae fulana ya zamani, maana hii dawa hula nguo na huchafua vito vya chuma. Asubuhi osha kwa maji na sabuni kabla pilika hazijaanza. Rudia kila usiku mpaka uone ukavu, ambao kwa kwapa huja kati ya wiki 1 na 2. Ukishakauka, punguza: mara mbili kwa wiki, kisha mara moja. Usiache kabisa, kwa sababu ngozi hujibadilisha na vizibo hung'oka nayo.

Ikiwasha kidogo, ruka usiku mmoja au miwili, na asubuhi paka krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa wepesi, isizidi wiki moja. Kisha rudi kwa kupaka usiku mmoja na kuruka mmoja. Ikitoa malengelenge, acha na umwone daktari. Siku nne ulizojaribu hazitoshi kuamua lolote. Kwa kwapa jipe wiki 4 za kupaka sawasawa ndipo useme imeshindwa.

Viganja vina taabu yake. Utaukaushaje mkono unaodondosha? Subiri usingizi ukaribie, mwili umetulia, umeshaweka simu pembeni. Kama bado inalowa, weka chupa karibu na mto, na ukiamka usiku kwenda haja ndogo, kausha mikono vizuri ukirudi na upake wakati huo. Saa hiyo viganja viko vikavu kuliko wakati wowote. Wapo wanaovaa glavu za plastiki juu ya dawa ili iingie zaidi. Inasaidia, lakini muwasho nao unaongezeka, hivyo anza bila glavu. Usiguse macho. Na nikuambie ukweli: kwa viganja dawa hii hushindwa mara nyingi kuliko kwa kwapa. Jipe wiki 6. Ukipata nusu ya ukavu, hiyo nusu ina thamani kwa fundi.

Wengi huuliza, jasho likizibwa litaenda wapi, halitarudi ndani na kuwa sumu? Hapana. Jasho ni maji na chumvi, na tezi iliyozibwa hupunguza kutengeneza. Mwili unapoozwa na tezi za mgongo, kifua, tumbo na mapaja, ambazo hukuzigusa. Na ile hofu ya saratani ya matiti kutokana na alumini: tafiti hazijathibitisha uhusiano huo. Mtu mwenye figo zilizoshindwa, hasa anayesafishwa damu kwa mashine, ndiye amwulize daktari wake kwanza.

Nyayo hupakwa vilevile, usiku, hata katikati ya vidole. Ila kwanza zitazame kwenye mwanga. Ukiona vitundu vidogo kama vilivyochimbwa na sindano kwenye kisigino au chini ya vidole, na harufu kali, hao ni bakteria waliokula tabaka la juu la ngozi iliyolowa muda mrefu. Wanatibiwa kwa dawa ya kupaka ya klindamaisini au erithromaisini mara mbili kwa siku, wiki 2 hadi 4, na hawataondoka kwa kusugua na jiwe. Ngozi nyeupe inayotepeta na kuwasha katikati ya vidole ni fangasi, inataka dawa yake. Viatu vya kufunika usivae jozi moja siku mbili mfululizo, kwani kiatu kilicholowa ndani kinahitaji siku nzima au zaidi kukauka. Soksi badilisha mchana. Wapo wanaoloweka miguu katika chai nyeusi: chemsha majani ya chai mengi katika nusu lita ya maji kwa dakika 15, chuja, changanya na lita 2 za maji ya baridi, loweka dakika 20 hadi 30 kila siku. Tanini iliyomo hukaza ngozi. Nguvu yake ni ndogo na inaacha rangi, lakini haina hatari.

Dawa ya kupaka ikishindwa kwa viganja na nyayo, kinachofuata kwa uzoefu wa kliniki nyingi duniani ni tiba ya maji na umeme mdogo, iontoforesisi. Kwa hali yako ndiyo ningekusukuma uitafute kabla ya vidonge na sindano. Mikono miwili inalala kwenye beseni mbili za maji yanayofunika viganja tu, na mashine inapitisha umeme wa mkondo mmoja, taratibu, kutoka beseni moja kwenda lingine kupitia mwilini. Mikono hupewa milliampia 10 hadi 20, dakika 20, na katikati mwelekeo wa umeme hugeuzwa ili kila mkono upate zamu ya upande wa chanya. Hufanywa mara 3 kwa wiki. Ukavu hujitokeza baada ya vikao 6 hadi 10, kisha unabaki na kikao kimoja kila wiki au kila wiki mbili. Kwa viganja wengi sana hufaulu. Namna hasa inavyonyamazisha tezi bado wanasayansi wanajadili, ila inafanya kazi na tezi haziharibiki.

Kinachoharibu tiba hii ni mambo madogo. Pete na bangili zisipovuliwa huunguza. Michubuko isipopakwa vaselini huuma kama imemwagiwa pilipili. Ukiinua mkono ghafla umeme ukiwa unapita, unapata mshtuko, kwa hiyo mashine hushushwa hadi sifuri kwanza. Maji ya mvua hayana madini ya kutosha kupitisha umeme. Chumvi ya ncha ya kijiko hutatua. Mjamzito, mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo na mwenye chuma kilichowekwa kwenye mfupa wa mkono au mguu unaotibiwa hawafanyiwi. Na tafadhali, usikubali fundi yeyote akutengenezee mashine hiyo kutoka kwenye umeme wa ukutani au chaja ya simu. Mikono miwili ndani ya maji, umeme ukapita kutoka mmoja kwenda mwingine, njia yake inakatisha kifuani. Itumike iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na vikao vya kwanza viwe mbele ya mtaalamu. Kwa kuwa mashine haipatikani kila hospitali, kabla ya kusafiri piga simu kwanza kliniki ya ngozi uulize. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, ambacho kimekuwa kikiwafundisha wataalamu wa ngozi wa nchi mbalimbali za Afrika tangu 1992, ni mahali pazuri pa kuulizia.

Vidonge vinazuia ujumbe. Kinachotumika zaidi ni oksibutinini, iliyotengenezwa kwa ajili ya kibofu cha mkojo. Daktari huanza na miligramu 2.5 jioni kwa wiki moja, akapandisha hadi 2.5 mara mbili kwa siku, na ikihitajika 5 mara mbili kwa siku baada ya wiki kadhaa. Mdomo hukauka karibu kwa kila anayetumia. Choo kigumu, macho kuona ukungu na mkojo kusita hutokea pia. Asiitumie mwenye presha ya macho ya aina ya pembe finyu, mwenye udhaifu wa misuli wa mayasthenia, wala mwanaume mwenye tezi dume inayoziba mkojo. Na kwa jua letu, kuna jambo linalosahaulika: kidonge hakichagui viganja, kinapunguza jasho la mwili mzima. Anayelima, anayebeba mizigo au anayekimbia mchana anaweza kupata joto la hatari. Fundi anayekaa kivulini ana nafuu, lakini siku za joto kali punguza mwendo na unywe maji. Usichanganye na Piriton au amitriptyline bila kumwambia daktari, kwani zinaongeza ukavu uleule. Kama una mimba au unanyonyesha, mwambie kabla hajaandika.

Sindano za botoksi nazo huzuia ujumbe, ila palepale zinapodungwa. Marekani iliziidhinisha kwa jasho la kwapa mwaka 2004. Kila kwapa hupewa yuniti 50, zikigawanywa kwenye vidungo 10 hadi 15 vilivyoachana sentimita 1 hadi 2. Ukavu huanza ndani ya siku chache, hukamilika baada ya wiki 2, na hudumu kama miezi 6, wakati mwingine zaidi, kisha unarudia na kulipa tena. Kwa kwapa ni tiba nzuri sana kwa anayemudu. Kwa viganja sikushauri uikimbilie. Sindano nyingi kiganjani zinauma mpaka ganzi ya neva ihitajike, na dawa ikizama kwenye misuli midogo, kidole gumba na cha shahada hulegea kwa wiki kadhaa. Vidole hivyo viwili ndivyo unavyoshikia sindano.

Sasa India. Upasuaji unaousikia hufanyika kifuani. Mgonjwa analazwa usingizi kamili, pafu linalegezwa, kamera nyembamba inapitishwa kati ya mbavu, na mnyororo wa neva za simpathetiki ulio kando ya uti wa mgongo unakatwa au kubanwa kwa klipu, kulia na kushoto. Viganja hukauka hapohapo, kwa karibu kila mtu. Ahadi hiyo ni ya kweli.

Usichoambiwa ni kinachofuata. Wengi wa waliofanyiwa hupata jasho la kufidia: mgongo, tumbo, kiuno na mapaja huanza kutoa jasho kuliko zamani. Kwa wengine ni kidogo na wanafurahi na mikono yao mikavu. Kwa wachache ni la kubadilisha nguo mara kadhaa kwa siku, na hao hujuta. Hakuna kipimo cha kukuambia kabla utakuwa kundi gani, na joto hulizidisha. Neva iliyokatwa hairudishwi, na hata klipu ikitolewa hakuna uhakika kwamba hali itarudi ya zamani. Upasuaji huo haulengi nyayo. Neva zikiguswa juu sana, kope moja inaweza kudondoka na mboni kuwa ndogo. Siupingi moja kwa moja. Nausema ni wa mwisho, baada ya dawa ya kupaka iliyotumika sawasawa, umeme wa maji na vidonge kushindwa, na jasho likiwa halivumiliki hata siku moja. Ukifika huko, mwulize mpasuaji atakata usawa wa ubavu wa ngapi. Kwa viganja, kukata chini zaidi, usawa wa 3 au wa 4, huleta jasho la kufidia pungufu kuliko kugusa usawa wa 2. Asiyetaka kulijibu swali hilo usimpe kifua chako.

Wakati matibabu yanaendelea, linda mikono na kazi yako. Kausha mikono kabla ya kugusa pasi au cherehani ya umeme: ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi kuliko kavu, na waya uliochubuka utakaompa mwingine mtetemo unaweza kukuua wewe. Satini na hariri zikate na kuzishona asubuhi kabla ya joto na wateja, ukiwa na glavu nyembamba za pamba zilizokatwa ncha za vidole. Sindano zichomeke kwenye kijimto cha sufi iliyopakwa mafuta ya cherehani kidogo. Nguo nyeupe zenye umanjano wa kwapani usizitie Jiki, kwani huuzidisha. Ziloweke saa moja katika siki iliyozimuliwa kwa maji, kisha ufue.

Na vidole kukataliwa na mashine: kioo kikilowa, michirizi ya kidole huonekana kama doa moja. Nenda ofisi zinapofunguliwa, kabla foleni haijakupandisha wasiwasi. Beba pamba na spiriti. Futa kidole na kioo cha mashine, hesabu hadi 20 kidole kikae hewani, kisha weka kwa wepesi bila kugandamiza na utoe mara moja kikisomwa. Kidole cha gumba kikigoma, omba wajaribu cha pete au kile kidogo cha mwisho. Na usiku wa kuamkia siku hiyo, vidole vyote kumi viwe vimepakwa dawa.